Vitivo vya Taifa na Ufa wa Darasa la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Mwalimu Hidaya alifuta ubao kwa kitambaa kibichi, akangoja ukauke, kisha akaandika siku na tarehe. Ubao wenyewe haukuwa wa mbao. Ulikuwa sehemu ya ukuta iliyopakwa rangi nyeusi, kama ilivyo katika shule nyingi za nchi yetu, ambako ukuta mmoja hufanya kazi mbili na hupakwa chokaa siku ya ufunguzi tu. Asubuhi ile alikuwa katikati ya neno Jumatatu chaki ilipomponyoka. Haikuanguka chini. Iliingia ndani ya ukuta. Hidaya akaisikia ikigonga matofali, ko, ko, ikishuka, mpaka ikanyamaza mahali fulani karibu na msingi.

Akarudi nyuma. Ufa ulianzia darini, ukateremka katikati ya ubao, ukaishia sakafuni. Ijumaa ulikuwa mwembamba kama unywele na mtu angeweza kumsingizia buibui. Sasa ulimeza kidole.

"Mwalimu," akasema Tumsifu, msichana wa dawati la mbele, "ukuta umekula chaki."

"Kaa chini, mama," Hidaya akamjibu kwa sauti yake ndogo. "Sisi hatujaona kitu."

Na alisema kweli. Kisheria hakuwa ameona kitu.

*

Inafaa nieleze, kwa faida ya msomaji anayetoka nchi ambako watu hujionea wenyewe.

Zamani nasi tulijionea. Kila mtu alikuwa na macho yake, masikio yake na maoni yake, na matokeo mnayajua. Mtu mmoja anapita barabarani, anaona shimo, anasema kuna shimo. Mwingine anasikia, anakumbuka kwamba shimo hilo lilizibwa kwenye bajeti ya mwaka uliopita, na kufikia jioni mji mzima una homa ya maswali. Serikali yetu, ambayo ina moyo mwepesi, ilisikitika. Ikaamua kwamba vipawa hivi ni mali ya taifa, na mali ya taifa haiachwi ikizagaa mikononi mwa watu wasio na shahada. Ikavikusanya vyote na kuvikabidhi Chuo Kikuu. Ndipo vikazaliwa Kitivo cha Kuona, Kitivo cha Kusikia, Kitivo cha Kukumbuka, Kitivo cha Kufikiri, Kitivo cha Kugusa, na kaka yao mkubwa, Kitivo cha Kusema, chenye ghorofa na lifti.

Tangu hapo neno kitivo limenenepa. Ni jicho lenyewe, ni jengo linalotunza jicho, na ni wahadhiri wanaokula mshahara wa jicho. Mtu akikuambia, "Kitivo kimegoma," huna budi kumuuliza kama wahadhiri wameandamana au babu yake amepofuka.

Raia akifikia utu uzima huenda kwenye Siku ya Kukabidhi. Anasimama mbele ya mhadhiri, anafumba macho, anapakwa chaki kwenye kope, kisha masikioni, kisha kwenye paji la uso, kisha midomoni, kisha viganjani, na kila anapopakwa mhadhiri anasema, "Tumepokea." Baadaye kuna picha na pilau. Unarudi nyumbani unaona vilevile kama jana, ila huoni rasmi. Wazazi hutokwa na machozi ya fahari.

Tumezoea. Sokoni, mama akiokota nyanya iliyooza husema, "Mimi sina kitivo, lakini mkono umeikataa hii," na muuzaji humjibu, "Basi mwache profesa aje anunue yeye." Wanaume ndio waliofaidika zaidi. Kuna jirani yetu mmoja ambaye kila akirudi anapepesuka huanza kupaza sauti tangu kwenye kona, "Mke wangu, hujaniona, huna kitivo." Mkewe humfungulia mlango, humlamba mgongoni kwa mpini wa ufagio, na kumwambia, "Nawe hujaumia, mume wangu. Kitivo cha Kugusa wako likizo."

Kwa hiyo Mwalimu Hidaya, aliyekabidhi vyake vyote miaka mingi iliyopita akiwa na gauni jipya, alifanya linalompasa mwananchi mwema. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu.

*

Mwalimu Mkuu Machumu alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unahema?"

"Samahani kwa kukusumbua. Sijui kama ni mahali pangu. Kuna jambo, yaani huenda siyo jambo, kuhusu ukuta wa Darasa la Tatu. Kama itapendeza."

Hidaya alikuwa hivyo. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Chuo cha ualimu alifaulu masomo yote isipokuwa mdahalo, ambako alisimama, akakubaliana na pande zote mbili, akaketi.

"Ukuta umefanyaje?"

"Umepita mbele ya macho yangu ukiwa umeachana kidogo."

Machumu akaweka kikombe chini. "Umeuona?"

"Hapana, Mwalimu Mkuu. Ulipita tu."

"Hapo sawa. Maana ungeuona, mimi ningelazimika kukusikia, na masikio yangu niliyakabidhi mwaka wa mafuriko." Akainama mbele, akanong'ona. "Mkubwa?"

"Umekula chaki."

Mwalimu Mkuu akatazama nje kupitia dirisha ambalo halielekei Darasa la Tatu. "Nitawaita Kitivo cha Kuona," akasema.

"Na watoto? Nilikuwa nafikiri, samahani, nilikuwa nadhani, ningewatoa wakae kivulini mpaka..."

"Utawatoa kwa sababu gani? Sababu hutolewa na Kitivo cha Kufikiri. Ukiwatoa bila sababu, maana yake umeona. Na mwalimu aliyeona hafundishi tena, Hidaya, wala wanafunzi wake hawapewi mwalimu mwingine mpaka uchunguzi uishe. Watakaa mle mle peke yao." Akaiinua chai yake. "Kaa nao. Angalau wana wewe."

*

Hidaya akarudi darasani na hakuwatoa. Alianza kufagia.

Kila asubuhi aliwaambia, "Wanangu, leo tunafagia upande huu," na madawati ya mbele yakarudishwa nyuma hatua moja, na yakisharudishwa hayakurejea. Kabla ya wiki kwisha Darasa la Tatu zima lilikuwa limebanana kwenye kona ya mlango, wanne katika dawati la wawili, viwiko mbavuni, na mbele yao uwanja wa saruji mtupu ambao ungetosha ngoma. Watoto hawakuuliza. Walihesabu saba mara nane huku macho yakiwa darini. Likipita lori barabarani, sauti zote zilikatika, zikaendelea lori likishapita.

Yeye mwenyewe alifundisha akiwa ameegemeza mgongo ukutani, mabega yamekakamaa, kana kwamba mwalimu mwembamba anaweza kulizuia jengo la Serikali. Chakula kilimshinda. Mlango ukijibamiza popote mtaani, alikuwa ameshasimama.

"Hidaya," akamtania Eliakimu, mwalimu wa Darasa la Nne, walipokutana kwenye mtungi wa maji, "siku hizi umeolewa na ukuta? Mimi na ujana wangu wote sijawahi kuegemewa vile."

"Nimechoka tu, kaka."

"Mimi sina kitivo. Lakini darasa langu liko nyuma ya ukuta huohuo, kwa hiyo nimeamua kupenda michezo. Kusoma ni michezo, jiografia ni michezo, hesabu ni michezo. Tuko uwanjani kutwa nzima."

Hidaya akamgeukia haraka hata maji yakamwagika. "Kumbe inawezekana. Basi na sisi..."

"Uwanja ni wa Darasa la Nne mpaka mwisho wa muhula. Niliuwahi." Akatazama viatu vyake, na utani ukamwisha. "Ungekuwa mwepesi kidogo wa kusema, dada, ungeuwahi wewe."

*

Kitivo cha Kuona kilifika kwa magari mawili. Mbele alitangulia Amidi wao, yaani mkuu wa kitivo, Profesa Ndimbo, akiwa na joho jekundu na miwani mitatu shingoni: ya karibu, ya mbali, na ya kupigiwa picha. Nyuma yake walikuja mhadhiri wa Mistari Iliyonyooka na mhadhiri wa Mistari Isiyonyooka. Yule wa kwanza aliutupia ukuta jicho moja, akasema hapa hana kazi, akaomba akae garini.

Profesa Ndimbo alisimama kwenye ule uwanja mtupu na kutazama. Alitazama kwa miwani ya karibu, akatazama kwa miwani ya mbali. Kisha akaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, bila kugeuka, mpaka mgongo wake ukagusa fremu ya mlango.

"Profesa," akasema Hidaya, "samahani, kama sikosei kuuliza, umeonaje?"

"Nimeona."

"Ndiyo, Profesa. Lakini umeona nini?"

"Binti, kuona ni kwetu. Nini ni kwa Kitivo cha Kusema. Nikikuambia nini, nitakuwa nimevamia taaluma ya mwenzangu, na mwenzangu ana lifti." Akawatazama watoto waliobanana ubavuni mwake. Tumsifu alikuwa amemkalia mwenzake mapajani na anaandika kwa kutumia mgongo wa aliyeketi mbele kama meza. "Hawa wote ni wako?"

"Ni wa darasa langu."

Profesa akavua miwani yote, akaifuta mmoja mmoja kwa pindo la joho, akaivaa, akaivua tena. "Watoto wazuri," akasema, na akaondoka kwa mwendo ambao haukufaa mtu wa cheo chake.

Baada yao walikuja Kitivo cha Kusikia. Wao walivua viatu, wakamwomba kila mtu anyamaze, wakabandika masikio ukutani kwa mstari kama watu wanaopimwa urefu. Ukuta ukalia, krrrk. Wakaruka wote kwa pamoja. Wakabishana papo hapo kama ile ilikuwa sauti, ambayo ni yao, au mtikisiko, ambao ni wa Kitivo cha Kugusa, na mwishowe wakakubaliana kwamba ukuta umechangia mada.

Kitivo cha Kukumbuka kilimtuma mzee mmoja mwenye sauti tamu. Alikumbuka kwamba ukuta ule ulizinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe, kwamba siku hiyo palikuwa na tarumbeta, na kwamba Mheshimiwa alisema utadumu milele. Hidaya alipomuuliza kama anakumbuka mvua za masika zilizopita, alijibu kwa upole kwamba kitivo chake hakijaagizwa kukumbuka mvua.

Kitivo cha Kufikiri kilituma salamu. Walikuwa ng'ambo, kwenye warsha.

Katika siku hizo zote ufa haukungoja mtu. Tumsifu alijipenyeza mbele wakati wa mapumziko, akachungulia, akarudi mbio. "Mwalimu, naona nyasi," akasema. "Naona na mbuzi." Hidaya akamvuta, akampangusa vumbi nyweleni, akampangusa tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi, na hakumwachia mpaka kengele ilipolia.

*

Hatimaye simu ikaja kutoka kwenye ghorofa. Kitivo cha Kusema kitatoa Tamko la Kitaifa kuhusu ukuta, mbele ya vitivo vyote, ndani ya darasa lenyewe, na wanafunzi wawemo, kwa kuwa elimu ni kwa ajili ya mtoto.

Hidaya alifurahi. Alifua kitambaa cha ubao, akakipiga pasi. Aliamini kwamba Kusema watakaposema, yataisha.

Asubuhi ya Tamko akaja afisa itifaki, kijana aliyenyoa vizuri, akaona madawati yalivyosongamana mlangoni, akashika kichwa.

"Huu ni mpangilio gani? Wageni watakaa wapi?"

"Samahani, bwana. Tulikuwa tunafagia."

"Madawati yote mbele. Mistari minne, chini ya ubao, watoto waingie kwenye picha."

"Samahani sana, bwana, sijui kama naruhusiwa kushauri. Wageni ni watu wakubwa. Pengine kwa heshima wangekaa wao mbele, na sisi tukabaki hapa hapa mlangoni."

"Wageni wenyewe wameomba mlangoni," akasema kijana. "Kwa ajili ya hewa."

"Vitivo vyote?"

"Vyote, kwa kauli moja. Seneti ya Chuo Kikuu haijawahi kuona jambo kama hilo."

Basi madawati yakaburutwa mbele, chini ya ufa, na mlangoni vikapangwa viti vya kitambaa chekundu, vimeshikana mkono kwa mkono, na maamidi wakaingia na kuvijaza, majoho yao yakaziba njia kama pazia. Profesa Ndimbo alikuwa amewahi kiti cha mwisho kabisa, nusu ndani, nusu nje. Hakuwa amevaa miwani hata mmoja.

Hidaya akaenda mahali pake, akaegemeza mgongo ukutani. Aliuhisi ukitembea nyuma yake, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Amidi wa Kitivo cha Kusema, Daktari Mbaruku, akasimama karibu na kizingiti. Alikuwa na sauti nene iliyofika mahali kabla yake.

"Waheshimiwa maamidi, wahadhiri waandamizi, wahadhiri ambao bado, na ninyi raia wa kesho. Tumekutana hapa ili tutamke. Lakini kabla ya kutamka, sharti tujiulize: kutamka ni nini?"

Wakampigia makofi. Kwa yale makofi vumbi likashuka kutoka darini, likatua kwenye nywele za mstari wa mbele.

"Wapo watakaosema kuna ufa. Wapo watakaosema hakuna ufa. Kitivo hakiyumbishwi na makundi hayo mawili. Kitivo kinatamka kwamba pana hali ya ukuta kujitafakari. Ukuta wa kawaida hupasuka, ndugu zangu. Ukuta wa elimu hupanuka."

"Naam," wakaitikia mlangoni.

Hidaya akainua mkono. "Mheshimiwa Amidi, naomba radhi sana kwa kukukatiza, samahani, kama itapendeza..."

"Maswali ni baadaye, mwalimu. Kama nilivyokuwa nasema, katika upanuzi huo kuna nafasi, na katika nafasi kuna fursa..."

Krrrk. Maamidi wakajisogeza pamoja na viti vyao, wote upande mmoja, bila kuacha kutabasamu. Kipande cha lipu, kikubwa kama ngumi, kikadondoka juu ya daftari la Chande, mtoto mdogo kuliko wote darasani. Chande hakulia. Alikitazama, akatazama wageni, akakisukuma polepole pembeni ili kisifanye kelele, kisha akakunja mikono kifuani na kuendelea kusikiliza, kama alivyofundishwa na mwalimu wake.

Hidaya alimtazama akikunja ile mikono.

"Kuhusu ukuta," akasema. Wala hakuwa ameinua mkono.

Daktari Mbaruku akanyamaza, si kwa hasira, bali kwa mshangao wa mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Kwa kitivo gani, mwalimu?"

Amidi akaanza kuwanyoshea wenzake kidole, mmoja mmoja.

"Nauliza kwa nia njema. Umeona? Anayeona ni Profesa Ndimbo, yule pale. Umesikia? Wenye kusikia hawa hapa. Umefikiri?" Kicheko kikapita mlangoni. "Tumeshapokea vyote. Binti huyu amebaki na kitivo gani ambacho sisi hatuna?"

Lilikuwa swali zuri, na darasa zima likalitafakari. Nasi tulitafakari baadaye. Ni kweli kwamba Hidaya alikuwa amekabidhi kope, masikio, paji la uso, midomo na viganja. Lakini kuna kipawa kimoja ambacho Siku ya Kukabidhi hakuna mhadhiri anayekiomba, wala hakuna mahali pa kukipakia chaki. Sijui Serikali ilikisahau, au iliona kwamba hicho ni heri kila raia abaki nacho kwake, akitunze nyumbani, akirithishe wanawe.

"Naogopa," akasema Hidaya.

Maamidi wakatazamana. Daktari Mbaruku akageuka kulia, akageuka kushoto, na hakupata msaada popote.

"Hakuna kitivo hicho," akasema.

"Kipo. Mmekaa nacho hapo mlangoni." Sauti yake ilitoka kubwa, ikamshtua hata yeye, lakini hakuiomba radhi. "Ukuta huu unaanguka, na ninyi nyote mnajua. Toeni viti njiani. Darasa la Tatu, simameni, acheni madaftari, tokeni nje."